Msukumaji Hakuulizwa Atashukia Wapi

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni mdogo wangu Joselyne, mwezi wa nane mwaka 2022, siku chache baada ya mambo yenyewe. Alikuwa amelala chumbani kwa maman yetu, huko Gihundwe, mtoto wake amemlalia kifuani. Aliisimulia mara moja tu, na hakutaka kuulizwa. Ya njiani nayaandika kama alivyoyasema. Ya Bugarama niliyaona mwenyewe.

Joselyne alikuwa mwendesha baiskeli. Mwaka ule aliingia mashindano ya masafa marefu, yale ambayo mtu anaizunguka nchi mlima kwa mlima, anabeba maji yake na chakula chake, na haruhusiwi kusaidiwa na mtu. Kila mshindani hufungiwa kidude kidogo kinachoonyesha alipo, na walio nyumbani wanamfuata kwenye simu, nukta nyekundu inayotambaa juu ya ramani. Tangu alipoondoka Kigali tuliifuata nukta yake. Alikuwa amemwacha mtoto, Reine, ambaye hata kunyonya hajaacha.

Jioni ile alifika Bweyeye. Akanunua ndizi mbivu na maji kwenye duka la kando ya barabara. Jua lilikuwa linazama nyuma ya msitu. Akanipigia simu, mimi yaya wake, dada yake mkubwa.

"Yaya, Reine ameshalala?"

"Bado. Iko nalia tu. Anakutafuta."

"Mumungojeshe. Niko nakuja. Maziwa inaniuma sana."

Tulikuwa tumeshuka Bugarama kumngoja, mimi, maman na mtoto. Waandaaji walikuwa wameweka kituo cha kuwagongea washindani muhuri kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia mpunga, na nyumba ya Papa Cassien, mdogo wa marehemu baba yetu, inatazamana na uwanja huo. Papa Cassien aliketi mlangoni akiwacheka waliokuwa wakifika na tope mpaka kwenye meno.

"Kinga ya bei ya ng'ombe," alisema akizionyesha baiskeli zao kwa kidole, "na hakuna hata kiroba moja nyuma! Sasa munatembeza nini? Upepo?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Tuliporudi kutoka Congo hakuwa na kitu ila baiskeli, akawa anapandisha chumvi na mawese hadi Bweyeye, na kurudi na makaa na ndizi za pombe. Siku zile chini ya kila mlima walikuwepo wasukumaji. Msukumaji anaweka mkono nyuma ya kiti chako, wewe unakanyaga pedali, mnapanda pamoja. Malipo yake ni mteremko. Mkifika juu anaketi kwenye keria nawe unamshusha. Kwa hiyo kabla hajakugusa sharti umwulize: utashukia wapi? Akitaja mahali, mmepatana. Usipouliza, atashuka pale wewe utakapoweka mguu chini, na hapo ni kwake. Atakula hapo. Atalala hapo. Huna neno la kumwondoa, maana ulikubali mkono wake bila mpaka.

Papa Cassien alitufundisha hayo tungali wadogo, kama watu wengine wanavyofundisha watoto kusalimu. Joselyne aliyajua. Lakini aliyajua kama mambo ya watu wa makaa.

Mlima unaotoka Bweyeye kuelekea Bugarama ni wa udongo mwekundu, na jioni ile ulikuwa umelowa. Ukungu ulishuka kutoka Nyungwe. Taa ya baiskeli ikawa haionyeshi kitu ila weupe. Miguu ilikuwa imekwisha. Alisema hakuwa akiwaza ushindi tena. Alikuwa akimwaza Reine, na kwamba akishuka kusukuma baiskeli kwa mguu, mtoto atalala na njaa yake.

Ndipo baiskeli ikawa nyepesi.

Alidhani ni upepo. Kisha akasikia nyayo. Miguu mitupu kwenye tope... pa... pa... pa... bila haraka, kama mtu anayeujua mlima. Na harufu. Makaa yaliyonyeshewa, na pombe ya ndizi iliyochacha.

"Pole, maman," sauti ilisema nyuma yake. Sauti ya mwanamume, ya chini sana.

Alijua kanuni ya mashindano: anayesukumwa anatolewa. Alijua na ile nyingine, ya wasukumaji. Kwa kuogopa ya kwanza alitazama mbele na kunyamaza, ili asiwe ameomba. Hakumkataza. Wala hakumwuliza.

"Panda tu," sauti ikasema. "Niko nyuma."

Walipanda. Mlima wote ule alioogopa tangu asubuhi, aliupanda kama mtu anayevutwa na kamba. Karibu na kilele alipata aibu.

"Aksanti, papa. Achilia sasa. Nimefika."

"Unipakie."

"Kinga yangu haina keria."

Baiskeli ikabonyea nyuma.

"Nimeshaketi."

Alishuka ule mteremko akishika breki mpaka vidole vikafa ganzi, na breki zikalia, na baiskeli ikazidi kwenda. Alihisi pumzi kwenye shingo, baridi, kama mtu amefungua mlango wa ghala. Hapo ndipo alipouliza, kwa mnong'ono, swali lililopaswa kutangulia.

"Utashukia wapi?"

"Pale utakanyaga."

Ile pumzi ikavuta hewa polepole, kama mtu anayenusa chungu.

"Kwako kuko batoto," ikasema. "Niko nasikia harufu ya maziwa."

Katika kona moja alikutana na kijana wa pikipiki anayepanda. Taa kubwa ikawamulika. Kijana akapunguza mwendo, akacheka.

"Eh, championi! Mu mashindano yenu banaruhusu kupakia mzee? Mwambie ainue miguu, inakokota!"

Akapita. Kicheko chake kilikatika ghafla nyuma ya kona.

Simu yangu ililia nikiwa nampepea Reine. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa kavu, na upepo ulipiga ndani yake.

"Yaya. Usimutoe mutoto nje."

"Kuna nini? Umeanguka?"

"Musifungue mulango. Nikifika musinisimamishe. Kuko muntu nyuma yangu... sikumuuliza, yaya. Sikumuuliza."

Simu ikakatika. Nilirudia maneno hayo kwa sauti, kwa kuwa sikuyaelewa. Maman alisema Joselyne amechoka, amepandwa na homa. Papa Cassien hakucheka tena. Alisimama, akaning'iniza kofia yake kwenye msumari wa mlango, akavua viatu.

"Kaishikie ile mulango, Maman Patricie," alimwambia maman, akimwita kwa jina langu, mimi mzaliwa wake wa kwanza. "Mutoto abakie kwenye kitanda. Wewe Patricie, kuja na mi."

Joselyne aliingia uwanjani kutoka gizani. Mwenye muhuri alinyanyua mkono, wengine wakapiga makofi. Hakusimama. Alipita mbele yao, akageuka kwenye ukingo wa saruji, akapita tena. Akazunguka. Uso wake ulikuwa mwekundu wa tope, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili.

"Madame, umefika! Simama!" mwenye muhuri alipaza sauti.

"Siwezi!"

Daktari wa mashindano alitabasamu kwa huruma. Alituambia kwamba usingizi ukimzidi mshindani, anaona watu, miti inamsemesha, na kwamba tumshike tu alale. Naliandika neno lake kwa sababu alikuwa mtu mwema na huenda alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye ukingo, na taa za kituo zilimulika chini. Gurudumu la mbele lilikuwa duara kamili. La nyuma lilikuwa limelala bapa chini ya uzito, na juu yake alikuwapo mwanamke mmoja aliyekonda.

Na nilisikia harufu ile. Makaa mabichi.

Kutoka ng'ambo, ndani ya nyumba, Reine alianza kulia.

Baiskeli ikapinda yenyewe kuelekea kilio. Niliona mikono ya Joselyne ikiivuta huku, na baiskeli ikienda kule. Hakuwa na nguvu tena. Mguu wake wa kushoto ulitoka kwenye pedali, ukaning'inia, ukaikaribia saruji...

"Usikanyage!" Papa Cassien alipiga kelele. "Joselyne! Usikanyage!"

Akakimbia. Mzee yule mwenye goti bovu alikimbia miguu mitupu kandokando ya baiskeli, akashika usukani kwa mkono mmoja.

"Papa, inataka mutoto," mdogo wangu alilia. "Inataka Reine."

"Najua. Patricie! Umupokee! Miguu yake isiguse chini!"

Nilikimbia upande wa pili. Alimwinua kutoka kwenye kiti kama anavyoinua gunia, na katika kumwinua alirusha mguu wake mwenyewe juu ya baiskeli, jinsi wabeba mizigo walivyokuwa wakipokezana bila kusimama. Joselyne aliniangukia kifuani. Nilimkumbatia, nikaanguka naye chali, na sikumwachia mpaka maman alipokuja na mkeka.

Papa Cassien alizunguka uwanja mara moja, magoti nje kama panzi, kwenye baiskeli ndogo kuliko mwili wake. Watu wengine walicheka. Walidhani ni mzee aliyelewa. Alipopita karibu nami nilimsikia akiongea juu ya bega lake, kwa upole, kama unavyoongea na mgeni.

"Sasa nakuuliza mi, mwenye kinga. Utashukia wapi, mwenzangu?"

Sikusikia jibu. Nilimwona akisikiliza. Alikunja uso, kisha akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Ni mbali," alisema. "Haya. Tuende."

Akaitoa baiskeli uwanjani, akaielekeza kwenye barabara ya Bweyeye.

Kidude cha Joselyne kilikuwa bado kimefungwa kwenye usukani. Usiku ule mimi na maman tuliketi na simu katikati yetu, tukiitazama nukta. Ilipanda ule mlima kwa mwendo uleule, haikupungua. Ilipita kilele. Ilipita Bweyeye. Iliingia Nyungwe. Mahali fulani iliacha barabara, ikaendelea ndani ya rangi ya kijani isiyo na njia, na hata humo haikusimama. Kulipokucha ilikuwa bado inakwenda. Saa za misa moto wa betri yake ulikwisha, ikazimika.

Tulimtafuta. Walinzi wa msitu walitusaidia, na wakristo wa kanisa letu, na vijana wa pikipiki. Hatukupata baiskeli, wala vazi, wala alama ya tairi baada ya barabara kuisha. Bweyeye nilimkuta bibi mmoja, Mukengere, anayeuza mihogo chini ya mlima ule. Nilimwuliza kama wasukumaji bado wapo. Aliniambia waliisha zamani, tangu magari yalipoanza kufika.

"Njo mumoja tu alibakia," alisema. "Walimukimbia pale juu. Mvua inanyesha, muntu wa kinga akaona giza, akamuacha. Alikufa na baridi. Tulimukuta asubui ameketi, sawa muntu anapakiwa."

"Nani alimwacha?"

"Hakuna mwenye alisema."

"Na yeye alikuwa anaitwa nani? Kwao wapi?"

Aligeuza mihogo yake jua lipate upande wa pili.

"Ile ya kwao," alisema, "hakuna mwenye alimuuliza."

Nimejaribu kujua kama mwenye baiskeli aliyemwacha msukumaji yule alikuwa wa ukoo wetu. Waliokuwa wakibeba mizigo na Papa Cassien wengi wamekufa, na waliobaki wanasema wasukumaji walikuwa wengi, mvua zilikuwa nyingi. Sitaandika nisilolijua.

Katika niliowataja, maman, Mukabalisa, amefariki mwaka jana, kwa ugonjwa wa sukari, na tumemzika Gihundwe. Bibi Mukengere amefariki. Daktari yu hai, hutuma salamu. Joselyne yu hai. Hapandi baiskeli, na anapokuwa kwenye gari hutangulia kutazama nyuma kabla ya kushuka. Reine yu hai, anasoma mwaka wa kwanza wa chekechea. Mimi ni hai.

Padri alikuja kwetu kuuliza kama wakati umefika wa kumsomea Papa Cassien misa ya marehemu. Maman alikuwa bado na nguvu, na yeye ndiye aliyemjibu. Alisema tungoje. Alisema shemeji yake alishika njia na mtu wa mbali, na mara ya mwisho tulipomwona kwenye simu alikuwa hajaweka mguu chini. Nami mpaka leo sijui nimhesabu upande gani.