Nilimkwepa Mteja, Nikamzika Dada

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita. Nafunga mitambo ya simu za maofisini hapa Arusha. Nina mke na watoto wawili. Dada nilikuwa naye mmoja tu... Nisikilizeni, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mwaka jana nilipata kazi kwenye kituo cha afya binafsi, maeneo ya Themi. Wagonjwa walilalamika kwamba kila wakipiga, simu inatumika. Ngoja niwaeleze taratibu, si jambo gumu. Mtambo unaufundisha hivi: mapokezi wakiwa wanaongea, simu inayofuata iende chumba cha manesi. Manesi nao wakiwa wanaongea, mtambo utumie laini ya tatu, umpigie dereva wa gari la wagonjwa kwenye simu yake ya mkononi.

Siku ya majaribio dereva alikuwa amesafiri kwenda Moshi. Nikaweka namba yangu badala ya yake. Ikaita, nikafurahi! Nikasema nitarudi kesho kuibadilisha.

Kesho yake nikapata kazi kubwa zaidi hotelini... Mafundi mnanielewa. Tunashika kazi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza, halafu mteja akipiga tunaiacha simu iite mpaka ichoke.

Dada yangu Elinipa aliishi Momela na mumewe, Anaeli. Alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Namba ya kituo nilimpa mimi mwenyewe.

"Hawa hawakosi kupokea, dada. Mtambo nimefunga mimi!"

Akacheka. "Basi akiwa wa kiume nitamwita Fundi."

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa juu ya ngazi pale hotelini, simu ikaita. Jina la kituo. Nikaiacha. Ikaita tena... mara nne! Mwenzangu Lomayani akanitania kutoka chini.

"Oya, pokea basi! Shemeji huyo?"

"Shemeji wapi! Ni meneja wa kile kituo, anataka nikamalizie kazi."

"Sisi mafundi, mbinguni tutaingia kweli?"

Tukacheka. Nikazima sauti ya simu. Tulicheka, wasomaji!

Mchana Anaeli alinipigia, analia. Dada alianza kutokwa damu nyingi. Yeye Anaeli alipiga kituoni mara nne, inaita tu, hakuna anayepokea. Akakimbia kuomba pikapu ya jirani. Elinipa alikata roho kabla hawajafika kwenye lami. Mtoto naye hakupona.

Nilikwenda kituoni nimefura. Nilimtukana meneja mbele ya wagonjwa! Meneja yule ni mama mtu mzima. Alifungua kumbukumbu za simu kwenye kompyuta, akanionyesha kwa kidole. Mapokezi, wanaongea. Manesi, wanaongea. Laini ya tatu...

"Mwanangu, namba hii ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Simu yoyote inayopitia laini ya tatu huonyesha jina la kituo, si la aliyepiga. Nani alilijua hilo kuliko mimi? Meneja hakuwahi kunipigia. Aliyekuwa akinipigia ni shemeji yangu, mkewe akifa mbele yake!

Niliibadilisha namba palepale. Ilichukua dakika mbili.

Anaeli hajui. Msibani alinikumbatia, akasema kituo kile kimemuulia mke. Nikanyamaza... Mpaka leo anawaambia watu wa Momela wasikanyage pale, nami hukaa kando yake kanisani nikitazama sakafu. Nikisema, nampoteza. Nisiposema, wasio na kosa wanabeba damu ya dada yangu. Nishike njia ipi? Nimeomba, nimefunga, sijaiona.

Wewe unayeanza ufundi huu, usiogope, ni kazi nzuri na utaiweza. Lakini usiondoke kwa mteja ukiwa umeacha kitu cha majaribio ndani ya mtambo wake. Na akikupigia, pokea, nakusihi! Akutukane, akuite mwongo, msikilize mpaka amalize. Mimi niliyakimbia matusi ambayo hata hayakuwepo.