Jiwe la Saa la Faki

Zama zile watawala wa Shungwi walipovaa majoho ya hariri na kupigiwa siwa, maharamia waliuvamia mji wakamteka Faki, mchonga mawe ya saa, yale yanayoonyesha wakati kwa kivuli cha jua. Dada yake, Mwana Somoe, alikaa misimu miwili roho mkononi, hajui alikopelekwa. Ndipo mchuuzi mmoja akaleta jiwe la saa, kijiti chake cha shaba kimeng'olewa. Lilikuwa limepita mikono mingi, hata mchuuzi mwenyewe hakujua lilikotoka. Lakini Somoe alizitambua alama za patasi ya kaka yake.

Ngome za maharamia zilikuwa mbili: moja kaskazini, kupita Makadishu, nyingine kusini, karibu na Sofala. Amiri Mwinyi Ngao alisimama mlangoni pa Somoe, tayari kwenda kumkomboa Faki, upanga kiunoni, askari wake wamekwisha kufunga mizigo.

"Mwana, chakula kinatosha safari moja tu. Tuelekeze."

"Subiri, Mwinyi. Mistari ya jiwe itasema."

Marehemu baba yao aliwafundisha wote wawili kwamba jiwe la saa hukatwa kwa ajili ya mahali pake. La Makadishu mistari yake husongamana kuukaribia mstari wa adhuhuri. La Sofala mistari hutawanyika. Somoe alipiga bismillahi, akashika bikari, akapima. Akapima tena. Akaliburuta jiwe mpaka uani mwa msikiti, akaliweka kando ya lile alilochonga baba yao, akanyoosha uzi. Mistari ililingana yote.

"Ni la wapi?" aliuliza Amiri.

"La hapa. La hapa hapa Shungwi! Ewe Faki, mjinga wee! Umefungwa minyororo, na saa unazochonga ni za kwetu?"

Aliliangukia jiwe akalia bila haya, mbele ya askari.

"Basi yeye yuko wapi, Mwana?"

"Sijui, Mwinyi. Wallahi sijui."

Amiri akachagua kusini, maana njia za huko alizijua. Walirudi wachache, nguo zimewararukia mwilini, bila Faki. Chakula cha safari ya pili hakikuwapo, na hakuna aliyethubutu kumtajia Somoe kaskazini.

Somoe alifua kijiti kipya cha shaba kwa mikono yake, akalisimamisha jiwe pale uani. Kaburi la Faki halikujulikana kamwe. Lakini kila jua lilipowaka, watu wa Shungwi waliswali adhuhuri kwa kivuli cha jiwe lake, nalo halikuwakosesha wakati hata siku moja.