Kokoto Ndani ya Pampu

Kila siku akitoka shule, Masikio alipitia kwenye nyumba ya pampu ya maji ya kijiji kumpelekea mjomba wake chakula cha mchana. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, fundi wa pampu, aliyemzoesha kuisikiliza mashine kabla ya kuitazama.

Miezi minane iliyopita mama alipata kazi katika kiwanda cha mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mjomba, mdogo wake mama, akashika nafasi yake. Mama alipiga simu kila Jumapili, na simu ilipokatika Masikio alibaki ameishika sikioni, akingoja hata pumzi. Sweta la mama alililalia, na bibi alipotaka kulifua alikataa katakata, maana harufu ingetoka.

Jumatatu moja alisikia mvumo wa pampu umebadilika. Ilikuwa kana kwamba mtu anatikisa kokoto ndani ya sufuria. Aliijua sauti hiyo. Miezi mitatu nyuma pampu ya akiba ilianza hivyohivyo, na baada ya wiki ikafa. Mama akaitwa kuitengeneza, akakaa nyumbani siku tisa.

Mjomba hakusikia kitu, kwa kuwa alivaa vizibo vya masikio kujikinga na kelele. Alipouliza kama kuna jipya, Masikio alijibu kuwa hakuna.

Jumanne kokoto ziliongezeka. Jumatano Masikio alifagia chumba cha mama na kutandika mashuka safi. Bibi aliuliza kulikoni, akaambiwa vumbi limezidi.

Alhamisi mkunga wa zahanati iliyo jirani na shule alikuja shuleni kuomba wanafunzi wamsaidie kuteka maji kisimani, kwani mabomba yalitoa matone tu. Masikio aliingia wodini na ndoo yake. Mama mmoja kijana aliketi kitandani amempakata mtoto wa siku moja, bado hajaogeshwa. Alimshukuru Masikio kana kwamba amemletea dhahabu. Masikio hakuweza kumtazama usoni. Aliweka ndoo chini, akakimbia mpaka kwa mjomba.

"Mjomba, pampu ina kokoto tangu Jumatatu. Nilisikia, nikanyamaza. Nilitaka iharibike ili mama aitwe."

Mjomba alitoa vizibo, akasikiliza, akaizima pampu. Walipofungua chujio la bomba linaloingiza maji, walilikuta limezibwa na majani, matope na mfuko wa plastiki.

Mjomba alimweleza kwamba humo ndani hamkuwa na kokoto hata moja. Pampu ikinyimwa maji huvuta kwa nguvu mpaka maji yenyewe yanafanya vipovu. Vipovu hivyo vikipasuka hugonga chuma kama nyundo ndogo, maelfu kwa maelfu. Akafungua pampu na kumwonyesha gurudumu linalosukuma maji. Lilikuwa na vidonda vidogo kama vya ncha ya sindano. Wiki moja zaidi, lingetoboka.

Walisafisha chujio, wakafungua koki ya kuingizia maji mpaka mwisho, wakahakikisha tangi linaloipa pampu maji limejaa. Pampu ilipowashwa ilivuma kama nyuki. Mjomba alikiri kuwa naye ana kosa: chujio hakulikagua, na vizibo vilimsahaulisha kusikiliza. Tangu siku hiyo chujio likasafishwa kila wiki, na kila asubuhi mjomba alitoa vizibo kwanza akasikiliza.

Kisha akampigia mama simu, akampa Masikio aseme mwenyewe. Masikio alisema yote, akilia.

"Mwanangu," alisema mama, "kunikumbuka si kosa. Mimi nakukumbuka mpaka chakula hakipiti. Kosa ni kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jambo likianza kuharibika, liwe la mashine au la moyo wako, liseme siku ileile, lingali dogo."

Masikio akajifuta machozi. "Basi nasema, mama. Siwezi kungoja mpaka mwaka uishe ndipo nikuone."

Mama akasema: "Umefanya vyema kusema. Shule zikifungwa, mjomba atakuleta huku ukae nami likizo yote. Zimebaki wiki sita. Tutazihesabu pamoja, wewe huko, mimi huku."