Nyumba ya Mzee Gervas Haijauzwa

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya kawaida kabisa, ya rangi na jasho. Sabina alikuwa juu ya stuli, brashi mkononi, anapaka ukuta wa sebule. Binti yake Emilia alikaa barazani kwenye mkeka, anasugua vitasa vya milango kwa majivu na ndimu, maana hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kifua chake kilimruhusu. Emilia alikuwa na miaka kumi na tisa na tundu kwenye moyo. Daktari alishasema bila kuzunguka: apasuliwe Dar es Salaam kabla mwaka haujaisha, la sivyo familia ijiandae. Ndiyo maana nyumba ya marehemu mjomba, pale Newala karibu na ukingo wa mteremko, ilikuwa iuzwe. Sabina hakuwa na kingine cha kuuza.

Mjomba mwenyewe, Mzee Gervas, alifariki Februari. Kwa taratibu za ukoo wao mali ya mjomba hushuka kwa watoto wa dada yake, na dada yake alizaa mmoja tu, Sabina. Kwa hiyo ugomvi wa urithi haukuwepo. Ila Gervas alikuwa mtu mgumu. Alimfukuza mke, akagombana na mtaa mzima, akaishi peke yake nyuma ya makomeo mawili kila mlango. Siku anakata roho alisema hatoki.

Dalali wao, Anwari, alimfundisha Sabina mambo ya kazi. Mnunuzi wa Newala haangalii bati, alimwambia, anafunua kisima kwanza. Kisima cha maji ya mvua pale uani kilikuwa na ufa, hakikushika maji tangu msimu wa jana. Wakaita boza la maji kutoka bondeni, wakakijaza mpaka shingoni, Oktoba, wakati majirani wanapanga foleni ya ndoo. Maji yangekaa wiki mbili kabla hayajazama yote. Anwari alisema wiki mbili zinatosha. Tuseme ukweli: ulikuwa utapeli, na Sabina alijua.

Saa sita mchana Anwari akamleta mnunuzi wa kwanza, Majaliwa, mfanyabiashara wa Masasi. Mtu mfupi, mnene, mcheshi, hajawahi kukanyaga mtaa ule. Alifunua kisima, akaona maji, akatania kwamba wamuuzie kisima tu, nyumba wabaki nayo. Wakaingia ndani. Kwenye mlango wa nyuma Majaliwa akainamisha kichwa. Sabina aliona ajabu. Mlango ule ulimzidi yule bwana kwa shubiri mbili nzima. Aliyekuwa akiinama pale ni Gervas, aliyekuwa mrefu kama nguzo ya umeme.

Utani ukakatika. Majaliwa akaenda chumba cha nyuma bila kuongozwa. Akapanda kitanda cha chuma, akasimama kwa ncha za vidole, akapitisha mkono juu ya ukuta, kwenye upenyo kati ya tofali na bati. Akatoa ufunguo. Ulikuwa wa stoo. Sabina alikuwa ameutafuta siku tatu.

"Kidole," Majaliwa alisema taratibu, "nani kakuruhusu kupaka rangi?"

Kidole ndilo jina ambalo mjomba alimwita Sabina alipokuwa mdogo, kwa sababu ya kunyonya kidole gumba. Waliolijua walishazikwa wote.

Anwari alicheka, akidhani ni mzaha wa biashara. Majaliwa hakucheka. Aliutazama ule ufunguo kama mtu aliyeamka na kujikuta ameshika nyoka, akauachia, akatoka. Hakuaga. Jasho lake lilibaki sakafuni, matone kuelekea mlangoni.

Jirani wa ng'ambo ya njia, bibi Sikuzani, alimwona Majaliwa alivyotoka. Alikuwa dada yake Gervas kwa ukoo, kwa hiyo kwa Sabina ni mama mdogo. Akavuka njia, akapokea shikamoo ya Sabina, akakaa.

"Jina la kaka bado liko nje," alinong'ona.

Sabina alilijua jambo hilo, ila alilizika kwenye shughuli nyingine. Mtu mzima akifa, jina lake hurithiwa. Ukoo humkalisha mmoja wao kwenye mkeka, humpaka unga utosini, humsalimia kwa jina la marehemu, naye akiitikia, basi marehemu amepata pa kukaa na nyumba yake imekuwa nyumba tu. Siku ya arobaini ya Gervas vijana wa ukoo waliulizwa mmoja mmoja. Wote walikataa. Nani alitaka kuwa Gervas?

"Padri alishamwombea, mama mdogo."

"Padri aliiombea roho. Jina hakuondoka nalo."

Sikuzani alimweleza kwamba jina lisilo na mtu litamjaribu kila anayeingia, kama watu wanavyojaribu shati la mtumba sokoni, mpaka limpate anayelitosha. Akasema pia kwamba kesho atakaa hapohapo mlangoni, na mnunuzi yeyote akija atamwambia waziwazi. Yeye hamuuzii mtu shimo.

Sabina alikasirika. Alitamani kumjibu vibaya. Lakini pale mkekani midomo ya Emilia ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau.

Jumapili baada ya ibada Sikuzani alikuwa mlangoni kwenye kigoda, kama alivyoahidi. Mnunuzi wa pili, mwalimu mstaafu aitwaye Benedikto, alikuwa njiani kutoka Kitangari. Sabina alibembeleza. Bibi hakusogea. Sabina akaeleza habari ya tundu la moyo. Bibi alilia, na hakusogea. Ndipo Sabina akadanganya.

"Jina limesharithiwa. Jana jioni. Hatukukuita kwa sababu ulituudhi."

"Nani kalirithi?"

Sabina hakuwa ameandaa mtu. Macho yake yakaenda barazani.

"Emilia."

Bibi aligeuka kumtazama msichana. Si kawaida msichana kurithi jina la mwanamume, ila imewahi kutokea. Akainuka kwa shida, akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya mtoto mwenye umri wa mjukuu wake.

"Shikamoo, kaka."

Emilia alimtazama mama yake, ameduwaa. Sabina akamkonyeza: itikia, mwanangu, yaishe. Emilia alipenda vichekesho. Akakaza sauti iwe nzito.

"Marahaba, Sikuzani. Wa kwako hawajambo?"

Akacheka. Alicheka mpaka mwisho, bila kukohoa hata mara moja.

Benedikto alikuja, na hapakutokea neno. Aligonga kuta, akauliza habari za mchwa, akafunua kisima, akaridhika. Alisema kesho atarudi na mashahidi. Sabina alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi anakimbia, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mkeka ulikuwa mtupu. Vitasa vilikuwa vimepangwa ukutani kwa mstari.

Alimkuta chumba cha nyuma, amekaa kwenye kitanda cha chuma, magoti wazi, viganja juu ya magoti.

"Emi, nyumba imepata mtu."

"Nani kakwambia nauza?"

Sauti ilikuwa ya Emilia. Ileile. Uchovu tu ndio haukuwemo.

Jumatatu Benedikto alifika na mashahidi wawili. Emilia alisimama mlangoni akawaeleza, kwa adabu, kwamba kisima kina ufa upande wa mashariki, kiasi cha mkono kutoka chini, na kwamba maji yale ni ya boza. Msichana yule hajawahi kuteremka kisimani. Mmoja wa mashahidi alivua shati, akapiga mbizi. Ufa ulikuwepo, palepale. Benedikto alimwambia Sabina maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuambiwa mbele ya mtoto wake. Emilia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani. Komeo likalia. Halafu la pili.

Sabina alivuka njia akiwa peku. Alimwambia Sikuzani kila kitu. Kwamba alidanganya, hapakuwa na unga wala kikao.

"Wewe ulidanganya," bibi alisema. "Yeye aliitikia."

"Litolewe basi."

Sikuzani aliinamisha uso.

"Jina huachwa na aliyekufa, mwanangu. Hakuna njia nyingine ya kuliacha."

Novemba Sabina alimpeleka hospitali. Emilia hakubisha, alitembea mbele bila kupumzika. Daktari alipima moyo, akapima tena, akamwita mwenzake. Tundu halikuwepo. Walimpongeza Sabina, wakashangaa kwa nini hatabasamu. Kisha ikaja picha ya kifua, na daktari akaiinua kwenye mwanga.

"Huyu binti alianguka lini?"

Emilia hajawahi kuanguka. Daktari alimwonyesha: mbavu tatu za kushoto, zilivunjika zikaunga vibaya. Za zamani sana, alisema. Zaidi ya miaka ishirini.

Sabina alikumbuka. Mwaka mmoja kabla yeye hajaolewa, Mzee Gervas alianguka kutoka juu ya mkorosho akalalia ubavu miezi miwili.

Daktari alidhani majalada yamechanganywa. Akapiga picha nyingine, Sabina akiwa hapohapo anaangalia. Zilikuwa tatu tena. Zilezile.

Picha zote mbili ziko Newala, kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la Sabina, katika nyumba ambayo hakuna anayekuja tena kuitazama. Kwenye kona ya kila moja pameandikwa Emilia. Asubuhi Sabina huchemsha maji, huyapeleka chumba cha nyuma, na kabla ya kuvuka kizingiti hupiga magoti na kumwamkia mtoto aliyemzaa.