Mahindi Mekundu ya Emojong

Ndugu zangu, mwaka wa 1974 nyumba ya Emojong kule Chakol ilikuwa na raha zake. Mkewe Adeke alikuwa amejifungua Okiror, na jioni majirani walizunguka chungu cha ajono, pombe ya wimbi aliyoipika na kuiuza Adeke, wakivuta kwa mirija na kupiga soga.

Njaa ikaingia kabla ya mavuno. Emojong alikwenda Malaba, mpakani, kwa Ignatius, mchuuzi wa magendo, akaonyeshwa mahindi mekundu kwenye magunia yenye maandishi ya kigeni.

"Boss, hii ni ya kupanda, imepakwa dawa," Ignatius alisema. "Lakini osha rangi itoke, kula tu. Hata mimi nakula."

Mwongo mkubwa! Dawa ile ilikuwa na zebaki. Nchi iliyoitengeneza ilikuwa imewakataza watu wake kuitumia, ikatuletea sisi.

Emojong alinunua gunia, akayaosha nyumbani mpaka maji yakawa meupe, akawatupia kuku. Kesho yake kuku walikuwa wazima.

"Kuku haijakufa. Sisi ndio tutakufa?" akacheka.

Wakala ugali wiki baada ya wiki. Rangi ilitoka, lakini sumu ilibaki ndani ya punje, na sumu hiyo haina haraka.

Siku moja Adeke alitoka kisimani akipepesuka, mtungi ukamponyoka. Majirani wakaangua kicheko: mama pima, muuza pombe, amemaliza pombe yake! Kwa aibu, Emojong alimzaba kofi mbele yao.

"Baba Okiror, sijaonja hata kidogo," Adeke alilia. "Vidole imekufa ganzi. Macho haioni vizuri."

Hakuna aliyemsikiliza. Alipelekwa hospitali akiwa hawezi tena kusimama. Daktari aliuliza walichokula, kisha akasema, "Mzee, mke wako hakuwa amelewa. Ni mahindi. Hiyo sumu haishiki watu wote sawa, na inapita kwa maziwa mpaka kwa mtoto."

Emojong alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama Okiror, nisamehe. Nilikupiga bure."

Adeke hakumsikia, masikio yalikuwa yameshakufa. Alipapasa godoro, akauliza kwa ulimi mzito, "Mtoto amenyonya?"

Alikufa kabla ya Jumapili. Okiror aliishi, kipofu. Ignatius aliendelea kuuza.

MAFUNZO

Mbegu iliyotiwa dawa si chakula, hata uioshe mchana kutwa. Na nyinyi wakubwa mnaokaa mikutanoni kuandika sheria za mataifa: sumu mliyowakataza watoto wenu msituuzie sisi, na onyo liandikwe kwa lugha ambayo Adeke angeisoma.