Faili la Jilala Halijabadilika

304.

Mara ya thelathini tangu asubuhi. Asteria aliitazama ile namba kwenye Samsung yake, akasonya. Bodaboda inaunguruma chini yake, Katoro imefurika watu, bastola ya Glock inamchoma ubavuni.

Saa saba mchana.

Agizo la Idara ya Usalama lilikuwa fupi: zuia dhahabu ya mlanguzi Boaz isivuke mpaka, mtoe Jilala akiwa hai.

Jilala alikuwa mpishi wa Boaz, na jicho la Idara. Njia ya mzigo ikibadilika, anaiandika kwenye faili, analipandisha kwenye wingu la mtandao. Huko kuna kiprogramu kisicho na seva yake. Kinaamka, kinauliza: faili limebadilika tangu tulishushe mara ya mwisho? Ndiyo, kinashusha. Hapana, kinatema 304 na kulala.

Akampigia fundi wa Idara, Shinyanga.

"Shikamoo dada Asteria."

"Davis, Jilala hanyamazi hivi."

"Wingu linasema hakuna jipya. Labda kalewa."

"Mara ya mwisho mmeshusha lini?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Kiprogramu kilipoteza kumbukumbu, nikaujaza muda kwa mkono."

"Umejaza ngapi?"

"Kumi na mbili, dada. 12:00."



"Asubuhi hiyo ni 06:00, Davis. Umekiambia chochote cha kabla ya saa sita mchana ni cha zamani."

"Yesu wangu."

"Toa hilo sharti. Shusha faili, limebadilika halijabadilika!"

Sekunde nne.

Limepandishwa 08:04, saa mbili asubuhi: *Wamenishtukia. Niko karasha la Mayala, nyuma ya soko. Fuso nyekundu, inatoka saa nane. Wahini.*

Saa saba na nusu alikuwa kwenye geti la karasha, kiwanda cha kusagia mawe ya dhahabu. Mlinzi wa kwanza, risasi ya goti. Wa pili, ya koo. Fuso, matairi yote.

Boaz alikuwa mezani, anakula.

"Karibu, dada. Jamaa yako alisema mnakuja. Tukikata kidole, 'wanakuja.' Tukikata kingine, 'wanakuja.' Tumecheka! Mpaka vidole vikaisha."

Nyuma ya mashine ya kusagia mawe ilichomoza miguu miwili, peku.

Asteria akaupiga risasi mkono wenye tonge. Tonge likaangukia kwenye mchuzi. Vidole viwili pia.

"Amekufa saa ngapi?"

"Saa sita!" Boaz aligaragara. "Saa sita juu ya alama! Nakufa!"

"Hufi. Utahesabu vilivyobaki, gerezani."

Pingu. Simu ikaita.

"Dada... Jilala?"

"Amekufa saa sita mchana. Ripoti utaandika wewe."

Davis alikuwa analia. "Sawa, dada."

"Hiyo ndiyo 12:00."

Akakata, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akawasha bodaboda.