Abiria wa Keria

Tairi la nyuma lilikuwa limebonyea, na hapakuwa na sababu ya kubonyea. Bwana Nukta alilibana kwa kidole, akalikuta gumu kama jiwe. Baiskeli iliegemezwa ukutani katika chumba cha mbele, haina mtu wala mzigo, lakini tairi lililalia sakafu kana kwamba limepakiwa gunia.

Bwana Nukta alikuwa fundi saa mstaafu. Majirani walimpa jina hilo kwa kuwa hakuacha jambo lipite bila nukta yake. Baiskeli hiyo kuukuu aliipata kwa mjane wa tarishi wa posta. Kwa wiki tatu aliipiga msasa, akanyoosha spoki moja moja, akaapa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, bila kuzidi wala kupungua.

“Huyo mke mwenzangu umeshamwogesha leo?” mkewe alimtania kutoka jikoni.

“Tayari. Amebaki na bangili tu, nami namvua sasa hivi.”

Bangili yenyewe ilikuwa waya wa shaba uliozungushwa mara saba kwenye keria. Hakuna kiwanda kilichofunga waya wa namna ile. Akachukua koleo, akaukata vipande vipande, na gari la taka lilipopita akavitupa humo.

Aliporudi ndani, tairi lilikuwa likiinuka, polepole, jinsi mtu mzima anavyoinuka kitini. Chumba kilinuka maji ya mtungi uliosahauliwa. Halafu sahani ikavunjika jikoni.

“Baba!” mkewe aliita. “Njoo! Mgongo wangu!”

Hospitali hawakuona kitu. Siku ya tatu alitembea ameinama, mikono ameifumbata nyuma kama aliyebeba mtoto, na alipoambiwa aishushe alishangaa kuikuta huko.

“Kuna mtu ananipumulia shingoni,” alinong’ona. “Usiseme kwa sauti, baba. Anasikiliza.”

Adhuhuri ile Bwana Nukta alikwenda kwa mjane, hakungoja hata kukaribishwa kiti, akamweleza habari za mgongo wa mkewe.

“Shemeji, waya uko wapi?” mjane aliuliza.

“Niliukata. Haukuwa wa kiwandani.”

Mjane alijiziba mdomo kwa kiganja. “Marehemu alimpakia mwanamke mmoja njiani, jua la utosini. Hakushuka tena. Mganga alishindwa kumtoa, akaweza kumfunga tu.”

“Na hukuniambia!”

“Ningekuambia ungeichukua?”

“Mganga huyo yuko wapi?”

“Kaburini, mwaka wa pili huu. Sikiliza. Anahama kwa kukaribishwa. Mwambie apande. Lakini bila waya ule atakaa keriani pale tu magurudumu yanapozunguka. Ukisimama, anashuka, na anarudi pale pale alipotoka.”

“Nizungushe mpaka lini?”

Mjane alitazama chini. “Miguu ni yako, shemeji.”

Alimkuta mkewe amepiga magoti kando ya meza, paji la uso karibu liguse sakafu, akihema kama mpagazi aliyefika kilimani. Bwana Nukta hakumgusa. Alitoa baiskeli barabarani, akaishika usukani, akasema kwa sauti ya upole ambayo hata yeye hakuijua, “Panda, mama. Nikupeleke.”

Ndani, mkewe alivuta pumzi ndefu, akasimama wima. Tairi la nyuma likabonyea.

Akakanyaga pedali. Akapita nyumba ya mshona viatu, aliyemsalimu na kumsifia baiskeli, akapita kisima na shule na ukuta wa mwisho wa mtaa, na mnyororo alioutia mafuta kwa mkono wake mwenyewe haukutoa hata mlio, kwa hiyo akasikia vizuri nyayo za mkewe zikimkimbilia nyuma, nyepesi kama za msichana, na sauti yake ikicheka na kulia pamoja, “Baba, nimepona! Simama basi, simama nikuone!” naye akakaza macho mbele, akauma mdomo asije akamjibu, akazidi kukanyaga hadi sauti ile ikafifia na ikabaki barabara tupu.

Kwenye mgongo wake, kupitia shati lililolowa jasho, shavu la baridi lilijilaza, kama la msafiri anayejitayarisha kusinzia.